Kwa nini jukwaa la mashine ya kusaga limezidi kutetemeka baada ya kuongezewa vyuma

Msomaji wetu wa Tandale ana mashine ya kusaga nafaka ambayo kwa miaka minne ilikuwa imefungwa kwenye sakafu ya zege bila tatizo lolote. Baada ya maji ya mvua kuingia bandani mara mbili, alimwita fundi wa kuchomelea, akamjengea jukwaa la chuma la kimo cha mita moja lenye miguu minne ya engo (chuma chenye umbo la L), na mashine pamoja na mota yake vikapandishwa juu. Tangu siku hiyo, kila alipowasha, jukwaa liliyumba kwa nguvu kwa sekunde chache, kisha likatulia mashine iliposhika kasi. Alipozima liliyumba tena, na safari hii kwa muda mrefu zaidi. Fundi akarudi, akaongeza vyuma vya mshazari pande zote nne. Kuyumba kukaisha, lakini sasa jukwaa linatetemeka muda wote wa kusaga, mtetemo wa haraka unaotia ganzi nyayo, na jirani analalamika kwamba vikombe vinagongana kabatini. Msomaji anauliza mambo matatu: kwa nini chuma kilichoongezwa kimeleta tatizo jipya, kama ni kweli kwamba nyumba ya jirani inaweza kuanguka, kwa kuwa mwanawe amesoma habari za daraja lililoangushwa na askari waliokuwa wakipiga kwata, na kama akubali vipande vya tairi kuukuu ambavyo fundi anataka kuvitandika chini ya mashine.

Mama, nianze na fundi wako, maana nahisi amekwisha kulaumiwa vya kutosha. Alichokifanya kilikuwa na mantiki, na jukwaa lako leo ni imara kuliko lilivyokuwa alipolikabidhi. Tatizo ni kwamba uimara huo umelitoa jukwaa kwenye mwendo ambao mashine ilikuwa ikiupita tu, ukaliweka kwenye mwendo ambao mota inakaa nao kutwa nzima. Ili sentensi hiyo ieleweke, inabidi tuangalie kwanza namna kitu chochote kinavyotetemeka kinapoachwa peke yake.

Mwombe fundi msumeno wake wa mkono, ubane mpini kwenye ukingo wa meza ili bapa lining'inie hewani, kisha lipinde kidogo na uliachie. Litacheza juu na chini kwa mwendo wake lenyewe, na hata ukilipinda zaidi halitacheza haraka zaidi, bali litakwenda umbali mkubwa zaidi kwa idadi ileile ya michezo kwa sekunde. Idadi hiyo ndiyo tunayoiita marudio asilia, na hupimwa kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde. Sasa funga bolti nzito kwenye ncha ya bapa, nawe utaona mwendo umekuwa wa pole. Toa bolti, ubane bapa karibu zaidi na ncha ili kipande kinachocheza kiwe kifupi na kikakamavu, nalo litacheza haraka hata macho yashindwe kuhesabu. Uzito hushusha marudio asilia, ukakamavu huyapandisha. Wapiga ngoma wanalijua hili bila hesabu: ngozi iliyolegea kwa unyevu hukanzwa motoni mpaka ikaze, na sauti yake hupanda.

Hesabu yenyewe ina jambo moja la kukumbuka. Marudio asilia hufuata kipeuo cha pili cha ukakamavu, yaani nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hukupa ukakamavu huo: ili kuyaongeza maradufu unahitaji ukakamavu wa mara nne, na ili kuyapunguza kufikia nusu unahitaji uzito wa mara nne. Miguu minne myembamba isiyo na mshazari hukataa kuyumbishwa kwa kupindika tu, na engo hupindika kwa urahisi. Chuma cha mshazari hakiwezi kupinda namna hiyo, kinalazimika kurefuka au kufinyika, na chuma hukataa kurefuka kuliko kinavyokataa kupinda. Kwa hiyo kuongeza ukakamavu wa jukwaa mara nne kwa vyuma vya mshazari ni kazi ya asubuhi moja.

Jambo la pili ni kinachotokea unapokisukuma kitu kwa mwendo uleule ambao chenyewe kinaupenda. Anayemsukuma mtoto kwenye bembea hasukumi ovyo. Husubiri bembea irudi, iguse mkono, ndipo asukume. Kila msukumo ni mdogo, lakini kila mmoja unaongezwa juu ya uliotangulia kwa sababu unakuja wakati wake. Hali hiyo, ambapo marudio ya msukumo yanalingana na marudio asilia ya kinachosukumwa, ndiyo rezonansi. Watu husema haba na haba hujaza kibaba, nami ningeongeza kwamba kibaba hiki kina tundu: kila mchezo wa chuma hupoteza nguvu kidogo kwa msuguano kwenye bolti, kwenye viungo, kwenye zege la chini. Mtetemo hukua mpaka kile kinachovuja kilingane na kile kinachoingia, kisha hubaki hapo. Katika majukwaa ya chuma kama lako tundu ni dogo, hivyo mtetemo unaweza kufikia mara 10 hadi 25 ya ule ambao msukumo huohuo ungeleta kama ungesukuma polepole.

Sasa twende kwenye mashine yako. Picha ya kibati cha mota uliyotuma inaonyesha mizunguko 1,450 kwa dakika, ambayo ni ya kawaida kwa umeme wetu wa hezi 50, na ukiigawa kwa 60 unapata mizunguko kama 24 kwa sekunde. Kwa puli ulizonipa vipimo vyake, mashine yenyewe inazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, yaani kama 47 kwa sekunde. Sikulipima jukwaa lako, kwa hiyo nitachukua hezi 12 kuwa marudio asilia yake kabla ya mishazari, nambari inayolingana vizuri na maelezo yako.

Ndani ya mashine kuna nyundo zinazoponda nafaka, nazo haziliki sawasawa. Tuseme upande mmoja umepungukiwa gramu 20 kuliko wa pili, na nyundo zinazunguka sentimita 20 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 2,800, tofauti hiyo ndogo kuliko ganda la ndizi huvuta ekseli kwa nguvu ya niutoni 344, sawasawa na uzito wa kilo 35, ikigeuka upande mara 47 kila sekunde. Nguvu hii hupanda kwa mraba wa kasi. Mashine inapopanda na kupita mizunguko 720 kwa dakika, ambayo ni mara 12 kwa sekunde, nguvu ni takriban moja ya kumi na tano ya hiyo: kama uzito wa kilo mbili na robo tu.

Hapo ndipo jukwaa lako lilipokuwa likiyumba. Liliyumbishwa na kilo mbili na robo, kisha likatulia lilipovutwa na kilo 35. Kwa upande wangu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba katika mitetemo wakati wa kusukuma una uzito kuliko ukubwa wa msukumo. Kilo zile mbili na robo zilikuja kwa mwendo wa jukwaa lenyewe. Zile 35 zinabadilika upande haraka mno, jukwaa halijaanza kwenda kushoto tayari linavutwa kulia, na linaishia kutikisika sehemu ndogo sana ya milimita. Na sababu ya kuyumba kwa muda mrefu zaidi ulipozima sasa iko wazi: wakati wa kuwasha, mota huivuta mashine kupitia mwendo ule mbaya kwa sekunde moja au mbili, lakini ukizima hakuna kinachoisukuma, inashuka taratibu kwa msuguano wake tu, na hivyo inakaa karibu na mara 12 kwa sekunde kwa muda wa kutosha kibaba kujaa.

Kisha fundi akaongeza mishazari. Ukakamavu ukapanda mara nne au zaidi, marudio asilia yakapanda kutoka 12 kwenda karibu na 24, na 24 ndiyo kasi ya mota. Mota yenyewe haina nyundo, lakini ina puli kubwa, na puli iliyotobolewa tundu lake nje kidogo ya katikati inatosha. Msukumo ni mdogo, ila haupiti: upo tangu unapofungua asubuhi mpaka unapofunga.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliamuru feni moja kubwa ya kiwandani, iliyokuwa ikitikisika kidogo wakati wa kuwashwa, iongezewe vyuma miguuni, nikasaini karatasi nikaenda kula. Niliporudi, walinzi wa getini walikuwa wamesimama mlangoni wakiitazama. Siku hizi sikubali chuma kiongezwe popote kabla ya kitu kupimwa.

Kupima si kazi ngumu. Mashine ikiwa imezimwa na umeme umekatwa kwenye swichi kuu, weka simu juu ya jukwaa ikiwa na programu ya kusoma mtetemo, zipo za bure, kisha gonga jukwaa upande mmoja kwa nyundo ya mbao, pigo moja tu, usubiri mpaka litulie. Programu itakuonyesha mchoro wenye kilele, na kilele hicho ndicho marudio asilia. Rudia kwa kugonga upande wa pili na kwa kugonga juu, kwa sababu jukwaa moja lina mwendo wake wa mbele na nyuma, mwendo wake wa kushoto na kulia, na mwendo wa kujipinda, na kila mmoja una nambari yake. Simu nyingi husoma mara 100 au zaidi kwa sekunde, jambo linalotosha kabisa kuona kilele cha hezi 24, ingawa nisingeiamini kwa ile ya 47.

Baada ya hapo toa mkanda, uwashe mota peke yake. Mtetemo ukibaki uleule, mhusika ni mota au puli yake. Toa na puli, uwashe tena, nawe utajua ni ipi kati ya hizo mbili. Mtetemo ukitoweka mara mkanda unapotoka, basi tafuta kwenye mashine au kwenye mkanda wenyewe. Jaribio hili ni la dakika ishirini, na nashangaa kwamba hufanywa mara chache sana, ilhali huokoa kubahatisha kwa wiki nzima. Iwapo puli ndiyo yenye kasoro, fundi wa mashine ya kukereza atairekebisha au utanunua nyingine. Nyundo nazo zipimwe kwenye mizani ya dukani, zile zinazokabiliana ziwe za uzito mmoja, na zikilika zibadilishwe zote kwa pamoja. Kubadilisha mbili zilizovunjika na kuacha kuukuu kumi ndiyo njia ya uhakika ya kupata zile gramu 20.

Hata hivyo kupunguza msukumo hakuondoi rezonansi, kunaipunguzia chakula tu. Puli italika tena, nyundo zitalika tena. Jukwaa lenyewe lazima liondoke kwenye 24. Kasi ya mota huwezi kuibadilisha kwa urahisi, maana imefungwa na umeme wa hezi 50. Kuongeza uzito juu ya jukwaa, kama wengine watakavyokushauri, hakufiki mbali: ukiongeza uzito mara mbili marudio asilia yanashuka kutoka 24 hadi 17 tu, na miguu ile myembamba inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Kuongeza chuma zaidi ili upande juu ya 24 kunakupeleka kuelekea 47 ya mashine, na kati ya nambari hizo mbili nafasi ni finyu.

Hapa ndipo linapokuja swali la tairi, na jibu langu ni kwamba wazo ni zuri lakini kipande alichokuonyesha fundi ni kibaya. Mpira chini ya mashine hufanya kazi iwapo marudio asilia ya mashine iliyokaa juu ya mpira yako chini kabisa ya marudio ya msukumo. Kipimo cha kawaida ni theluthi moja. Msukumo wa 24 unahitaji mpira utakaokupa 8. Nambari hiyo unaweza kuijua kwa rula: pima ni milimita ngapi mpira umebonyea kwa uzito wa mashine, tafuta kipeuo cha pili cha milimita hizo, kisha gawa 16 kwa jibu hilo. Mpira uliobonyea milimita 4 hukupa hezi 8. Kipande chembamba cha tairi ya lori, chenye nyuzi za chuma ndani, kinaweza kubonyea nusu milimita tu, na 16 ukiigawa kwa kipeuo cha nusu unapata karibu 23. Yaani ungekuwa umelipa fedha ili kuirudisha mashine palepale kwenye mwendo wa mota. Tafuta mpira laini usio na nyuzi, vipande vinene na vidogo vya eneo, viwekwe chini ya pembe nne na si chini ya fremu nzima, na uhakikishe vimebonyea milimita 5 au 6, kwa kuwa mpira unaotetemeshwa huwa mkakamavu kuliko unaokandamizwa polepole. Mota na mashine vikae juu ya fremu moja inayobebwa na mpira huo. Ukitenganisha, mkanda utakuwa unavutwa na kulegea kila wakati. Utaona mashine inacheza kidogo wakati wa kuwasha na kuzima inapopita 8. Hilo si la kutisha, maana mpira wenyewe hufifisha mtetemo vizuri kuliko chuma.

Lakini kama unaniuliza mimi ningefanya nini kwenye banda langu, ningeliuza jukwaa kwa kilo na kujenga msingi wa zege wa kimo kilekile, uliojaa, uliosimama juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Msingi wa mita 1.2 kwa 0.8 kwa kimo cha mita moja una uzito wa zaidi ya tani mbili, mara saba ya mashine na mota yako ya kilo 300, hauna miguu ya kuyumba, na maji ya mvua hayaupandi. Upe siku 28 kukomaa kabla ya kusaga juu yake kwa nguvu zote.

Kuhusu jirani, nyumba yake haitaanguka kwa mtetemo wa mashine yako. Mwili wa binadamu ni mwepesi mno wa kuhisi: tunaanza kuhisi mtetemo sakafu inapotetemeka kwa mwendo wa kama milimita 0.3 kwa sekunde, ilhali viwango vya Uingereza kwa nyumba za kawaida vinaanza kuhofia nyufa za plasta kwenye milimita 15 kwa sekunde, na hata ukivigawa kwa mbili kwa sababu mtetemo wako ni wa mfululizo, bado uko mbali. Vikombe vyake vinagongana kwa sababu vina marudio yao na vimegusana. Ndivyo ilivyo pia kwa vioo vya daladala iliyosimama Mwenge injini ikiwa inanguruma taratibu: vinatetemeka mpaka huwezi kusikia konda, dereva akikanyaga mafuta kidogo vinanyamaza, ingawa injini inatoa nguvu zaidi. Hilo halimwondolei jirani haki ya kulala mchana, na ungefanya vyema kumweleza lini utarekebisha.

Daraja alilolisoma mwanao ni la Broughton, karibu na Manchester, Uingereza. Tarehe 12 Aprili 1831 askari 74 walilipita wakienda kwa hatua moja, wakahisi linadunda chini ya miguu, na upande mmoja ukaanguka. Wengi walitumbukia mtoni, hakuna aliyekufa. Baada ya hapo jeshi likaamriwa kuvunja hatua, yaani kila askari atembee kwa mwendo wake, kwenye madaraja ya aina hiyo. Kinachosahaulika katika kusimulia ni kwamba uchunguzi uliikuta bolti mbovu kwenye minyororo, ambayo ndiyo iliyokatika. Kwata ilikuza mtikisiko, na mtikisiko ukakitafuta kiungo dhaifu.

Na hicho ndicho ninachokihofia kwako zaidi ya nyumba ya jirani. Mtetemo wa hezi 24 hulikunja jukwaa mara 86,400 kwa saa moja. Ukisaga saa kumi kwa siku, baada ya wiki mbili chuma kimekunjwa zaidi ya mara milioni 10, na palipochomelewa ndipo penye kuchoka kwanza. Usisubiri msingi wa zege kukagua hili. Leo jioni safisha kila kiungo cha mishazari kwa brashi ya waya, kipake mafuta ya taa, kisubiri robo saa, kikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha kisugue chaki nyeupe. Penye ufa mafuta yatapanda kutoka ndani na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Ukiuona mstari huo hata kwenye kiungo kimoja, usiwashe mashine kesho. Na kaza nati zote kwa spana, hasa za mguu ulio upande wa mota, kwa sababu hizo ndizo zitakazokuwa zimelegea.